Asumini Haifi kwa Kiu: Chumvi na Chokaa Katika Chungu cha Mombasa

Chungu cha asumini kipo kibarazani, kinanyweshwa asubuhi na jioni, na bado majani yanaungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Mwenye chungu anaongeza maji, majani yanazidi kuungua. Mwishowe mti hung'olewa na lawama hupewa mkono: fulani ana mkono wa kupanda, fulani hana. Mara nyingi mkono hauna kosa lolote. Wanaoua vyungu vya Mombasa ni wawili, chumvi iliyomo kwenye maji ya kunyweshea na chokaa iliyomo kwenye udongo. Watu huwataja hao wawili kana kwamba ni mmoja, ilhali kila mmoja ana dalili zake, na dawa ya huyu haimgusi yule.

Maji ya mfereji, maji ya kisima

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, mwamba uliojengeka zamani chini ya bahari. Jiwe hili lina vitundu vingi. Maji ya mvua hupenya kutoka juu, ya bahari hupenya kutoka pembeni, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi, ila mpaka baina yao haukukatika wazi namna ile. Kanuni wanayoitumia wataalamu wa maji ni hii: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikiliwa na mita 40 hivi za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Pampu zikiyashusha yale ya juu kwa nusu mita tu, ya chumvi huanza kupanda kutafuta mizani mpya, na yana nafasi ya kupanda hadi mita 20. Ndiyo sababu kisima kilichowanywesha mababu hugeuka cha chumvi majirani wanapozidi kuchimba. Ndiyo sababu pia kisima kile kile huwa na nafuu baada ya mvua za masika, kisha kikawa kikali mwezi wa Februari na Machi, upepo wa Kaskazi ukiwa umeshakausha kila kitu.

Maji ya mfereji hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya Mto Sabaki, chemchemi za Marere upande wa Shimba, na visima vya Tiwi. Kwa chungu, hayo hayana shida kubwa. Shida ni kwamba hayaji kila siku, kwa hiyo nyumba nyingi zina tangi moja linalopokea ya mfereji leo, ya kisima kesho, na ya mitungi ya mkokoteni keshokutwa. Mmea unaonyweshwa kutoka tangi hilo hubadilishiwa maji bila mwenyewe kujua, na akija kuulizwa atasema "nanywesha maji yale yale siku zote."

Kuyapima ni rahisi. Kipo kipimo kidogo mfano wa kalamu, cha kupima kiasi cha vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, nacho husoma kwa miligramu kwa lita. Kwa viwango vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, vya maji ya kumwagilia, chini ya 450 hakuna wasiwasi, kati ya 450 na 2,000 panahitajika uangalifu, na kupita 2,000 mimea mingi hushindwa. Lakini kalamu hiyo haijui tofauti ya chumvi na chokaa, inajumlisha tu. Kuzitofautisha, tumia jiko. Chokaa huganda kwenye birika maji yakichemka, ikaacha ukoko mweupe, na huifanya sabuni ikatae kutoa povu. Chumvi ya kawaida haigandi hadi maji yaishe kabisa, na huonekana kwenye ladha ya chai kabla haijaonekana popote. Birika likiwa na ukoko na chai ikiwa salama, mgeni wako ni chokaa. Chai ikiwa na ladha ya chumvi hata kabla ya kutiwa sukari, usitafute zaidi.

Chumvi inavyonyima maji

Mpishi anayekata bilingani na kulinyunyizia chumvi tayari analijua somo hili. Baada ya nusu saa vipande vimetoa jasho, maji yamevutwa nje. Maji huelekea penye chumvi nyingi. Mzizi huvuta maji kwa kuwa ndani yake mna vitu vilivyoyeyuka vingi kuliko udongoni, na udongo ukijaa chumvi mvuto huo hupungua, ukizidi hugeuka kinyume. Kwa hiyo mmea unaweza kukauka huku mizizi yake imelowa chepechepe. Mwenyewe anaona majani yamelegea, anadhani ni kiu, anaongeza maji ya kisima kile kile. Hapo ndipo mambo huharibika kabisa.

Chukua maji yenye gramu 1 tu ya chumvi kwa lita, ambayo kwa kisima cha mjini si mengi. Chungu kikipewa lita 1 kila siku, na yote ikaishia kwenye majani na jua bila tone kutoka chini, baada ya siku 30 mna gramu 30 za chumvi udongoni. Hivyo ni vijiko vya chai vitano hivi. Hakuna ambaye angekaa na kijiko akatia chumvi vijiko vitano kwenye asumini yake, lakini ndicho kinachofanyika, kidogo kidogo, na kwa mapenzi. Mmea unayanywa maji, chumvi inaachwa nyuma.

Dalili zake huanzia ncha na kingo za majani makubwa ya chini, kwa sababu chumvi kidogo inayoingia husafiri na maji hadi mwisho wa jani, nayo haina pa kwenda tena. Kingo huwa za kahawia, kavu, zinavunjika ukizigusa. Juu ya udongo hutokea unga mweupe, na chungu cha udongo wa kufinyanga huota madoa meupe kwa nje. Madoa hayo si ubovu wa chungu. Yanakusomea kilichomo ndani.

Kuungua kukiwa upande mmoja tu wa mti, ule unaoelekea bahari, basi kisa ni kingine: chumvi imekuja na upepo. Nyumba zilizo karibu na ufuo, Nyali au Likoni, hupata marashi hayo ya bahari hasa Kusi inapovuma. Hapo suuza majani kwa maji matamu alfajiri, na uweke kizuizi chenye matundu, kama makuti yaliyosukwa kwa kuachana. Ukuta mzima haufai sana, kwa kuwa upepo huuruka na kuanguka kwa kishindo upande wa pili, pale pale penye vyungu.

Kuisafisha chumvi

Chumvi haiondoki kwa dawa yoyote inayouzwa kwenye chupa. Huondolewa kwa maji, mengi, yanayopita na kutoka chini. Kiasi ni mara mbili ya ujazo wa chungu: ndoo ya lita 20 huhitaji lita 40, yaani mitungi miwili ya mkokoteni. Usiyamwage kwa mkupuo. Mimina lita 10, subiri nusu saa chumvi iyeyuke na udongo utulie, mimina tena, hadi mara nne. Maji ya mwanzo hutoka na rangi kama chai ya rangi, ya mwisho hutoka meupe. Kwanza kwangua unga mweupe wa juu pamoja na sentimita 1 ya udongo, uutupe, kwa sababu ukiuacha utaurudisha chini kwenye mizizi.

Tumia maji ya mvua au ya mfereji. Kama huna ila ya kisima, fanya hata hivyo, maana udongo uliokusanya chumvi ya miezi huwa mkali kuliko kisima chenyewe. Hutaufanya mtamu kushinda maji uliyoyatumia, lakini utaurudisha kwenye kiwango cha maji hayo. Wakati wa Kaskazi irudie kila mwezi. Maji hayo hubeba na mbolea pia, kwa hiyo wiki moja baadaye upe mmea chakula kidogo.

Baina ya safisha hizo, badili tabia ya kunyunyiza kidogo kidogo. Kikombe kimoja kila asubuhi na kimoja kila jioni ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kujaza chumvi, kwa sababu hakuna kinachotoka chini. Afadhali usubiri udongo ukauke hadi kiungo cha pili cha kidole, kisha unyweshe mpaka sehemu 1 kati ya 5 ya maji itoke kwenye matundu. Maji yaliyotoka usiyaache kwenye sahani. Chungu kitayafyonza tena pamoja na chumvi iliyotoka nayo, na kuna jambo zito zaidi: mbu wa Aedes, anayeeneza dengi na chikungunya, hutaga mayai kwenye maji madogo kama hayo. Mombasa iliuona mlipuko wa chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018, na sahani za maua si za kusahauliwa katika hesabu hiyo.

Maji mazuri yanapatikana kwa njia ambazo watu huzipita. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 20 ni lita 200, pipa zima, ukitoa kidogo inayopotea. Acha dakika 10 hadi 15 za kwanza zimwagike, zinaosha vumbi la chumvi na vinyesi vya kunguru, na kunguru Mombasa tunao wa kutosha. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi nayo karibu hayana chumvi kabisa, kwa kuwa ni unyevu wa hewa uliopozwa ukawa maji, na kwa joto la pwani mtambo mmoja hutoa lita kadhaa kwa siku. Kwa asumini na waridi ni hazina. Kwa mrehani au dania utakayokula, bora yasitumike, kwa sababu hupita kwenye mabomba ya metali yenye vumbi. Yale ya kufulia nguo, yenye sabuni ya unga, yaache. Sodiamu ya sabuni ni ile ile unayoikimbia.

Manjano ya chokaa

Sasa yule wa pili. Jani changa la juu linatoka la manjano, lakini mishipa yake imebaki kijani, kama ramani ya mito. Hiyo si chumvi, wala si njaa ya kawaida. Njaa ya naitrojeni huanzia majani mazee ya chini na kulifanya jani lote manjano, mishipa kwa nyama. Maji yakituama, majani hugeuka manjano ovyo ovyo, shina hulainika, na udongo hunuka. Manjano yenye mishipa ya kijani kwenye majani machanga ni upungufu wa chuma, na waridi, ndimu na asumini huwa wa kwanza kuuonyesha.

Chuma chenyewe kimo udongoni tele. Kimefungwa. Udongo wa matumbawe una kipimo cha pH, kile cha uchachu ambacho kikipanda uchachu hupungua, kinachozidi 7.5, na katika hali hiyo chuma hushikamana na kuwa kitu kama kutu kisichoyeyuka, mzizi haukiwezi. Kwa hiyo kuchomeka misumari yenye kutu chunguni, dawa inayopendwa sana mitaani, ni kumletea mwenye ghala lililofungwa gunia jingine la mchele. Anachokosa ni ufunguo.

Mbaya zaidi ni jivu la makaa. Bara kwenye udongo mchachu jivu hufaa, na ushauri huo umesafiri hadi pwani bila kubadilishwa nguo. Jivu huongeza pH. Maganda ya mayai yaliyosagwa ni chokaa tupu. Vyote viwili kwenye udongo wa Mombasa ni kuongeza maji baharini.

Kabla ya kununua au kuchota udongo, upime kwa siki. Weka kijiko cha udongo mkavu kwenye kikombe, tia siki au maji ya ndimu, sikiliza. Ukichemka kwa mapovu na kuvuma, mna chokaa ya matumbawe. Mchanga wa ufuoni huvuma sana, maana sehemu yake kubwa ni makombe na matumbawe yaliyosagika, tena una chumvi juu yake. Usiutie chunguni hata ukiuosha.

Maji ya chokaa huweza kupunguzwa makali kwa kijiko kimoja cha chakula cha siki katika lita 5, mara moja kwa wiki. Hiyo ni nafuu ya muda, na kuzidisha huunguza mizizi. Udongo wenyewe ukiwa wa matumbawe, siki na salfa hazitoshi, kwani chokaa huzila kabla hazijafika kokote. Kwenye chungu, badilisha udongo. Kama mti ni mkubwa na hutaki kuusumbua, duka la dawa za kilimo huuza chuma kilichofungashwa ili kisishikwe na chokaa. Soma pakiti: herufi zinazotakiwa ni EDDHA. Kile cha EDTA ni rahisi kwa bei, lakini hukiachia chuma pH ikipanda kuzidi 6.5 hivi, yaani hapa kwetu hukiachia karibu siku ile ile.

Uwanjani, ambako huwezi kubadilisha udongo wote, panda kinachokubali: mvinje, mkungu, mwarubaini, mkadi, bogenvilia. Machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi ni ushahidi wake. Rene Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti pale mwaka 1971, juu ya jiwe tupu, na mivinje ikastahimili. Majani yake yaliyoanguka hayakuoza, yalirundikana tu, mpaka walipoletwa majongoo, wakayatafuna na kuyageuza mboji. Leo sehemu ya machimbo hayo ni bustani ya Haller. Jongoo hapandi mtungi, wanasema, lakini udongo ameuweza.

Chungu na kilichomo

Mchanganyiko unaofaa asumini ni sehemu 2 za udongo mwekundu uliokaa kimya mbele ya siki, 1 ya mchanga wa mto, 1 ya mboji au samadi iliyooza, na 1 ya makumbi yaliyosagwa. Samadi ya mbuzi iwe imelala miezi mitatu angalau, mbichi ina chumvi na joto. Makumbi yana hila yake: pwani makumbi ya kutengenezea kamba hufukiwa kwenye tope la ufuoni ili yalainike, na yanayotoka huko yamejaa chumvi ya bahari. Yaloweke kwenye maji matamu usiku mmoja, yakamue, na urudie mara tatu.

Kokoto chini ya chungu ziache. Wengi huziweka ili maji yapite, nazo hufanya kinyume. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ule ulowe kabisa, kwa hiyo tabaka la maji yaliyotuama hupandishwa karibu na mizizi. Jaribu na sponji ya kuoshea vyombo. Ilowanishe, ishike kwa kulala hadi iache kudondoka, kisha isimamishe wima. Itadondoka tena. Kimo ndicho kinachotoa maji, na chungu kirefu humwaga vizuri kuliko beseni pana la kina kifupi. Juu ya tundu weka kigae kimoja au kipande cha chandarua ili udongo usitoke, basi.

Ndoo ya lita 20 itobolewe matundu 8 ya upana wa sentimita 1, mengine yakiwa ubavuni sentimita 2 kutoka chini ili yasizibwe na sakafu. Msumari uliochomwa motoni hufanya kazi, ila fanyia nje, moshi wa plastiki si mzuri. Ndoo nyeusi kwenye paa la saruji mwezi wa Machi hupika mizizi upande wa jua. Ipake rangi nyeupe, au iingize ndani ya chungu kikubwa zaidi. Cha kufinyanga hupoa chenyewe, kama mtungi wa maji ya kunywa, lakini hukausha haraka na hivyo hukusanya chumvi upesi.

Kwa anayelazimika kutumia kisima, achague vizuri cha kupanda. Maharage na waridi hushindwa mapema sana. Nyanya, pilipili na ndimu hulalamika. Kunde na spinachi ya sokoni huvumilia zaidi, na mshubiri haujali. Mrehani uko katikati: hukubali maji ya kati ukikatwa mara kwa mara juu ya jozi ya majani kabla haujatoa maua, na vipande ulivyokata, ukivitia kwenye gilasi ya maji matamu, huota mizizi kwa siku kumi hivi. Wadudu weupe kama pamba wakijificha kwenye mafundo, wafute kwa kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ndani ya lita 1, jua likiwa limeshuka, na uwashughulikie sisimizi wanaowachunga, la sivyo watarudishwa.

Asumini yenyewe huchanua kwenye vichipukizi vipya. Mti uliosafishwa chumvi ukabaki na matawi mazee hautatoa kitu, hata ukiwa na afya. Ukishamaliza kuchanua, kata theluthi ya kila tawi juu kidogo ya fundo, uuweke penye jua la saa 6 kwa siku, na samadi usizidishe, maana utapata majani manene bila maua. Vichipukizi vikileta vitumba, vichume saa 11 jioni vikiwa vimejaa na vingali vimefumba. Vitafunguka usiku ndani ya kikuba.